WordPress kwa Nyumba ya Wageni ya Vyumba Vinane, Moshi: Tathmini Baada ya Miezi Kumi

Mama yangu mdogo anaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba vinane huko Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, na kwa miaka minne alikuwa akilipia tovuti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona ikifunguka sawasawa kwenye simu yake. Mwezi wa Julai mwaka jana, mgeni aliyekuwa ametua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro alimpigia kuuliza nyumba iko upande gani, kwa kuwa ukurasa wenye maelekezo ya njia ulikuwa umebaki mweupe tangu alipotoka nje ya jengo la abiria. Jioni hiyo mama aliniita akaniambia, "Mwanangu, hela nimelipa, na wageni bado wananipotelea njiani. Hebu nitazamie kuna nini." Nilipoupima ukurasa wa mwanzo niliukuta na uzito wa megabaiti 14: video inayojicheza yenyewe, picha saba za kupokezana, na aina tano za herufi zinazovutwa kutoka seva nyingine kabla neno la kwanza halijaonekana. Mwezi wa Agosti niliijenga tovuti upya kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, na tathmini hii inatokana na miezi kumi ya kuitumia, pamoja na msimu mzima wa Desemba hadi Februari, wakati wapanda mlima wanapokuwa wengi.

Inafaa kutenganisha mapema vitu viwili vinavyochanganywa hata na mafundi. Ipo huduma ya WordPress.com, inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ambako mtu hujiandikisha na kupewa nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Ipo pia programu yenyewe, ambayo hupakuliwa bure kutoka WordPress.org na kusimikwa kwenye seva ya kampuni yoyote inayohifadhi tovuti, ilimradi seva hiyo ina PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Ninayoitathmini hapa ni hiyo ya pili. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani pamoja na Mike Little wa Uingereza, wakijenga juu ya programu ya awali iliyoitwa b2, na imebaki chini ya leseni ya GPL, ambayo inampa kila mtumiaji haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Kwa mwenye biashara ndogo ukubwa huo una faida moja ya wazi: fundi wa kwanza akihama mji au akiacha kupokea simu, wa pili atapatikana bila kazi kuanza upya.

Kabla ya kusimika chochote tulilazimika kulikomboa jina la tovuti. Fundi wa awali alikuwa amelisajili kwa jina lake mwenyewe, na ilituchukua wiki tano za barua na kubembeleza hadi akakubali kulihamisha. Naliandika jambo hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa wafanyabiashara wengine wa Moshi na Arusha. Jina la kikoa ni kama hati ya kiwanja: aliyeandikwa ndiye mwenyewe, hata kama nyumba iliyo juu yake umeijenga wewe. Majina yanayoishia na .tz huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na mbali na .co.tz iliyozoeleka ipo pia .hotel.tz, iliyotengwa kwa ajili ya biashara kama hii. Lolote litakalochaguliwa, jina na anwani ya barua pepe ya mwenye biashara ndivyo viandikwe kwenye usajili, na nenosiri awe nalo yeye.

Usimikaji wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Seva tuliyoichagua ilikuwa na kitufe cha kuweka WordPress, na kazi ikaisha kabla ya chai kupoa. Cheti cha usalama kinachoifanya anwani ianze na https kilitolewa bure na Let's Encrypt, nacho hudumu siku 90 na kujihuisha chenyewe pale seva inapokuwa imepangwa vizuri.

Kilichonifanya niipende programu hii ni kihariri chake cha bloku, kiitwacho Gutenberg, kilichoingizwa katika toleo la 5.0 mwezi wa Desemba 2018. Kila kipande cha ukurasa, yaani aya, kichwa cha habari, picha, orodha au jedwali, ni bloku inayojitegemea, inayoweza kuandikwa, kusogezwa au kufutwa bila kugusa jirani yake. Mama mdogo, ambaye hajawahi kufundishwa kompyuta darasani, alijifunza kubadilisha bei ya chumba kwa alasiri moja. Ilibidi nimweleze jambo moja tu kwa msisitizo, kwamba kichwa cha habari hakichaguliwi kwa sababu kina herufi kubwa za kupendeza, kinachaguliwa kwa sababu kinaeleza mpangilio wa habari: kichwa cha ngazi ya kwanza ni jina la ukurasa, cha ngazi ya pili ni sehemu zake, na cha ngazi ya tatu ni vijisehemu vilivyo chini ya hizo. Kihariri kinamsaidia katika hilo, kwa kuwa kina muhtasari unaoonyesha vichwa vyote kwa mpangilio wake na kutoa onyo pale ngazi inaporukwa. Asiyeona, anayesikiliza ukurasa kwa kisoma skrini, hutumia vichwa hivyo kuruka moja kwa moja hadi kwenye bei, kama vile mwenye macho anavyopitisha jicho haraka.

Jedwali ndilo lililonishawishi zaidi. Tuna ukurasa unaolinganisha njia za kupandia Kilimanjaro, na humo mgeni anasoma kwamba Marangu hupandwa kwa siku 5 au 6 na ndiyo njia pekee ambayo watu hulala kwenye vibanda vya mbao, ilhali Machame huchukua siku 6 au 7 na kulala ni kwenye mahema. Katika tovuti ya zamani habari hizo zilikuwa ndani ya picha, kana kwamba ni bango la ukutani. Hazikuweza kunakiliwa, kutafutwa na Google wala kusomwa na mashine, na kwenye simu ndogo herufi zake zilikuwa kama mchanga. Bloku ya jedwali ina swichi ya kuweka safu ya vichwa, na ukiiwasha, HTML inayotoka, yaani msimbo unaosomwa na kivinjari, inazitambulisha seli za juu kuwa ni vichwa vya safuwima, hivyo kisoma skrini kinaweza kumtajia msikilizaji kwamba hizo siku 6 ni za njia ya Machame.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo watu wengi hawalioni mpaka waumie. Gutenberg huhifadhi maandishi kwenye hifadhidata yakiwa ni HTML ya kawaida, yenye alama ndogo za maelezo zinazoonyesha bloku inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiiondoa WordPress yote leo ukabaki na hifadhidata peke yake, maandishi bado yanasomeka. Sivyo ilivyo kwa baadhi ya programu-jalizi, yaani programu ndogo za nyongeza zinazochomekwa kwenye WordPress, hasa za kujengea kurasa, zile zinazomruhusu mtu kuburuta visanduku na kuvipamba kwa vivuli na miondoko, kwa sababu huhifadhi ukurasa kwa msimbo wao wenyewe. Tovuti ya zamani ya mama ilijengwa na mojawapo, na nilipoizima, kurasa zote ziligeuka msitu wa mabano ya mraba ambamo sentensi za watu zilikuwa zimetawanyika. Nilizichomoa kwa mkono, aya baada ya aya, kwa usiku tatu. Tangu hapo sishauri mtu yeyote aweke maneno ya biashara yake ndani ya programu-jalizi ya namna hiyo, hata ikiwa ya bure na hata ikiwa inapendeza kwenye maonyesho.

Picha ni suala linalostahili subira, hasa katika mji wetu, ambako kila biashara ya utalii inataka kuuonyesha mlima. Picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa megabaiti kadhaa. Ukiipakia WordPress, programu hutengeneza nakala za ukubwa mbalimbali, kuanzia kijipicha cha pikseli 150 hadi nakala za pikseli 768, 1,024 na kuendelea, na tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015 humwachia msomaji mwenye simu ndogo apakue nakala ndogo pekee. Tangu mwaka 2019 picha yenye upana au urefu unaozidi pikseli 2,560 hupunguzwa hadi kipimo hicho kabla ya kutumika, na tangu mwaka 2020 picha zilizo chini ya ukurasa husubiri mpaka msomaji anapozikaribia. Hayo yote hufanyika bila mama mdogo kujua, na ndivyo inavyotakiwa.

Hata hivyo programu haiwezi kufanya kila kitu. JPEG hutengenezwa kwa ubora wa 82 kati ya 100, kiwango kinachofaa kwa picha nyingi, lakini picha ya Kibo alfajiri, yenye anga inayobadilika polepole kutoka zambarau hadi rangi ya chungwa, ukiibana kupita kiasi huonyesha mistari angani, kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya. Baada ya majaribio kadhaa niliamua picha hiyo moja ibaki na ubora wa juu, na nyingine zote nizigeuze kuwa WebP, muundo ambao WordPress inaupokea tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021 na ambao kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko JPEG yenye ubora unaolingana. Niliondoa video, nikaondoa picha za kupokezana, na nikatumia herufi zilizomo tayari ndani ya simu ya msomaji. Ukurasa wa mwanzo sasa una kilobaiti 610. Niliujaribu nikiwa nimesimama stendi ya mabasi ya Moshi, kwa simu ya bei nafuu na bando la kawaida, na jina la nyumba pamoja na namba ya simu vilionekana kabla sijamaliza kuvuta pumzi ya pili.

Kupima kwa jicho hakutoshi, kwa hiyo nilitumia pia PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni ya bure. Vipimo vyake vikuu ni vitatu. Kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuhamahama kwa vitu wakati ukurasa unapopakia kusizidi 0.1 kwenye kipimo chake. Hicho cha tatu kinaweza kuonekana cha kinadharia, lakini kila mtu amewahi kukutana nacho: unataka kubonyeza namba ya WhatsApp, picha inaingia ghafla juu yake, na kidole kinaangukia tangazo. WordPress huandika upana na urefu wa kila picha ndani ya HTML, kivinjari kikatenga nafasi mapema, na vitu vikatulia mahali pake.

Baada ya kasi niliingia kwenye kanuni. Kikagua HTML cha W3C, shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, hupokea anwani ya ukurasa na kutoa orodha ya makosa, nacho kilinionyesha makosa manne tu katika ukurasa wetu, yote yakitoka kwenye kipande cha ramani nilichokibandika kutoka nje. Mandhari ya Twenty Twenty-Four, yaani kiolezo cha mwonekano wa tovuti, inayotolewa na WordPress yenyewe na ambayo tuliichukua bila mapambo mengi, haikuwa na kosa hata moja. Kwa upande wa watu wenye ulemavu nilifuata WCAG 2.2, mwongozo wa W3C uliokamilishwa Oktoba 2023, unaodai miongoni mwa mengine kwamba maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake. Mama alipenda maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya weupe, kama yalivyo kwenye kibao cha getini. Kihariri chenyewe kilitoa onyo kwamba rangi hizo hazisomeki kwa urahisi, na onyo hilo lilinisaidia kumshawishi kuliko maneno yangu yote. Tukachukua kahawia nzito ya kahawa iliyokaangwa juu ya krimu. Mwongoza wageni mmoja anayefanya kazi nasi aliniambia baadaye kwamba sasa anaweza kumwonyesha mgeni ukurasa huo kwenye geti la Machame jua likiwa kali, jambo ambalo zamani lilimlazimu kuifunika simu kwa kofia.

Matini mbadala ya picha, yaani maneno anayosomewa asiyeweza kuiona, ni sehemu ambayo programu inatoa kisanduku tu, na akili lazima itoke kwa mwandishi. Kuandika "picha ya chumba" hakumsaidii yeyote. Tulikaa na mama tukaandika upya moja baada ya nyingine: "Chumba cha vitanda viwili chenye chandarua, dirisha linatazama migomba." Yeye ndiye aliyeisisitiza migomba, kwa kuwa ndiyo wageni hutaja wanapoondoka.

Sasa niseme mahali ambapo WordPress hainiridhishi, nami nalisema kama mtu anayeitakia mema. Tovuti yetu ina kurasa za Kiswahili na za Kiingereza, na programu yenyewe haina njia ya kuendesha lugha mbili. Lugha inachaguliwa mara moja kwenye mipangilio, na ukichagua Kiswahili, kila ukurasa unatangazwa kwa kivinjari kuwa ni wa Kiswahili kwa alama ya "sw", hata ule ulioandikwa Kiingereza. Ukichagua Kiingereza, kisoma skrini kitasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na anayejua sauti hiyo anajua jinsi "karibu sana" inavyoharibika. Kutangaza lugha sahihi ya ukurasa ni sharti la ngazi ya chini kabisa ya WCAG, na kwa nchi kama yetu, ambako biashara huandika kwa lugha mbili kila siku, pengo hili ni kubwa. Mpango wa maendeleo wa Gutenberg umeiweka kazi ya lugha nyingi katika awamu ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Wakati tunaisubiri, tumelazimika kutumia programu-jalizi ya lugha, mojawapo kati ya tatu tulizo nazo. Ya pili hulinda mlango wa kuingilia, na ya tatu huchukua nakala rudufu.

Kuna pia kero ndogo ya Kiswahili: WordPress inapotengeneza anwani ya ukurasa kutoka kwenye kichwa chake huondoa alama ya ritifaa, hivyo ukurasa wetu wa maelekezo ya kupitia Ng'ambo umekuwa na anwani ya "ngambo". Hakuna anayepotea kwa sababu hiyo, lakini ukurasa wenyewe bado unaonyesha jina sahihi, nami huhakikisha kwamba linabaki hivyo.

Kuhusu usalama, programu maarufu namna hii hutafutwa na wavamizi usiku na mchana, na hatari kubwa mara nyingi hutoka kwenye programu-jalizi zilizoachwa bila kuhuishwa. Marekebisho madogo ya WordPress hujisimika yenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Programu-jalizi zinahitaji macho ya mtu, na ndiyo maana nimekataa kuongeza ya nne, ingawa nimeombwa mara kadhaa niweke theluji inayodondoka kwenye skrini mwezi wa Desemba. Fomu ya maulizo nayo haimo ndani ya programu, na badala ya kuongeza programu-jalizi tuliweka kiungo cha WhatsApp na namba ya simu inayobonyezeka. Wageni wengi wa mama hupendelea njia hizo.

Si kila mtu anaihitaji. Yule mwongoza wageni wa Machame alitaka ukurasa mmoja wa kujitambulisha, wenye picha tatu na namba yake, usiobadilika kwa mwaka mzima. Huyo nilimwandikia kwa mkono faili moja la HTML na moja la CSS, la kupangia mwonekano. Hakuna hifadhidata ya kuvamiwa wala toleo jipya la kusubiri, na ukurasa mzima ni mwepesi kuliko picha moja ya simu yake. WordPress inaanza kulipa pale ambapo mtu asiye fundi anahitaji kubadilisha maneno mara kwa mara, na bei za msimu hubadilika mara kwa mara.

Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyokosekana ni ya lugha. Juzi, kabla wageni wa Juni hawajaanza kuingia, nilifungua ukurasa wa vyumba nikitaka kurekebisha bei, nikakuta mama mdogo amekwisha kuzirekebisha usiku uliotangulia, ameongeza safu ya chumba cha familia kwenye jedwali, na chini ya picha mpya ameandika matini mbadala yake mwenyewe: "Vitanda vitatu, kimoja kifupi cha mtoto, na ndoo ya maji ya moto ikiombwa."